Hereni za Kupakwa: Tuijue Mali Tunayouza

Ndugu wafanyakazi wa maduka ya Nakasero,

Mteja akirudisha hereni zilizochujuka, mara nyingi tajiri humgeukia muuzaji na kumkata mshahara. Kwa hiyo inatupasa kuijua mali hii.

Rangi ya dhahabu katika hereni za urembo ni utando tu, mwembamba kuliko unywele. Chini yake kwa kawaida kuna shaba iliyochanganywa na zinki, na katikati mara nyingi hupakwa nikeli. Jasho, sabuni na manukato huula utando huo pole pole. Ukiisha, nikeli hugusa tundu la sikio, na kwa watu wengine sikio huwasha, huvimba na kutoa maji. Huo si uchafu wa mtu. Nchi za Ulaya zilipitisha sheria ya kuibana nikeli mwaka 1994.

Basi mshauri mteja hivi:

1. Za kuvaa kila siku, achukue za chuma cha pua, au za fedha yenye chapa 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000. Fedha huingia weusi, lakini ikisuguliwa hung'aa tena.

2. Mwenye masikio yanayowasha achukue za titani.

3. Zilizopakwa dhahabu ni za sherehe. Azivue kabla ya kuoga.

Mwambie hayo kabla hajalipa. Utando kuchujuka ni tabia ya mali yenyewe, si kosa la muuzaji. Ukikatwa mshahara kwa ajili hiyo usinyamaze. Peleka habari kwa mjumbe wa chama.