Binamu wa kabichi mwenye miiba

Ukipanda mlima hadi Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, utaona nyua zilizozungushiwa umuyenzi, ule mnyaa wa kijani usio na mwiba wala majani ya kutajika. Silaha yake ni utomvu mweupe. Ukikuingia machoni, utajuta.

Kwenye miamba ya Uhispania, kusini mwa Ufaransa na Morocco, kuna kichaka kilichochagua silaha nyingine: Hormathophylla spinosa, ambacho mtaalamu wa mimea Linnaeus alikiita Alyssum spinosum mwaka 1753. Kimo chake kwa kawaida hakifiki goti. Vijitawi vikikauka hubaki vimechongoka, na mbuzi huvikwepa. Majani yana vinyweleo vinavyong'aa kama fedha, navyo hurudisha mwanga wa jua na kupunguza upotevu wa maji. Maua ni meupe au ya waridi, yenye petali nne.

Petali nne! Ndiyo alama ya ukoo wa kabichi.

Je, kingestawi Rusizi? Kiangazi cha Juni hadi Agosti kingekifurahisha. Kasheshe ni mvua za Machi na Aprili: mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama. Labda juu ya ukuta wa mawe, kwenye kokoto, pale hata maharage hayapandwi.