Kitafunio Kipi Humfikisha Mwanafunzi kwenye Mlo Ujao?

Vitafunio ni vyakula vinavyoliwa kati ya milo mikuu. Kwa mwanafunzi wa chuo, hasa anayelala hosteli, mara nyingi ndivyo vinavyoziba pengo la mlo uliorukwa. Ratiba ya mihadhara haijali saa ya kula, na fedha za bumu, yaani mkopo wa kujikimu, zikikaribia kwisha, wali maharage wa mama ntilie hubaki kuwa mlo pekee wa siku. Saa zilizobaki hupitishwa kwa andazi, karanga, mihogo ya kukaanga au soda. Vyote hivyo hutuliza njaa kwa muda, lakini muda wenyewe hutofautiana sana, na tofauti hiyo imewahi kupimwa.

Mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio la vyakula 38. Kila chakula kiliandaliwa kwa kiasi chenye nishati ileile, takriban kalori 240. Washiriki walikula, kisha wakaulizwa kiwango cha shibe kila baada ya dakika 15 kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili uwe kipimo cha vingine. Viazi mviringo vya kuchemsha viliongoza kwa alama 323. Machungwa yalipata 202, mayai 150 na ndizi mbivu 118. Donati iliambulia 68, na kroisanti ikashika mkia kwa alama 47. Andazi halikuwamo, lakini unga mweupe, sukari na mafuta yake vinaliweka karibu na donati kuliko karibu na kiazi.

Kinachostaajabisha zaidi ni kiazi chenyewe: kikichemshwa hupata alama 323, kikifanywa chipsi hushuka hadi 116. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo chipsi chache tu zinatosha kufikisha kalori 240, na tumbo, ambalo hupima shibe kwa kadiri linavyotanuka, halioni kama limeletewa kitu cha maana. Katika jaribio hilo vyakula vyenye maji mengi, nyuzinyuzi na protini vilishibisha zaidi, na vyenye mafuta mengi vilishibisha kidogo.

Karanga zilipata alama 84 tu, na hapo kipimo kinazipunja. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi na kalori zinazokaribia 570, kwa hiyo kalori 240 ni konzi moja, na konzi moja haiwezi kushindana na sahani ya viazi. Tena, saa mbili ni muda mfupi kwa chakula kinachosagwa polepole. Sehemu ya mafuta ya karanga hata haifyonzwi mwilini, kwa sababu vipande visivyotafunwa vizuri hupita na mafuta yake ndani. Kikaratasi kimoja cha karanga pamoja na chungwa au ndizi ni kitafunio kizuri kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake.

Umbo la chakula nalo lina kazi yake. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio lililotumia matufaa pekee: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilimalizwa haraka mara 11 kuliko matufaa mazima na ilishibisha kidogo kuliko yote. Sukari ya damu ilipanda kwa kiwango kinachofanana katika hali zote tatu, lakini baada ya juisi insulini iliongezeka zaidi na sukari ikaporomoka. Baada ya tunda zima anguko hilo halikuonekana.

Ndiyo maana juisi ya miwa, hata ikamuliwe mbele ya mnywaji, haiwezi kuhesabiwa kama tunda. Soda nayo, ya mililita 350, hubeba sukari inayokaribia gramu 37. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000. Ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi.

Wanaopiga msuli wa masomo usiku hupenda kuamini kwamba ubongo unataka kitu kitamu. Ni kweli kwamba ubongo, wenye uzito wa asilimia 2 hivi ya mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Hata hivyo ini huweka akiba ya sukari na kuitoa kidogokidogo, na usiku mwili huimudu sukari vibaya kuliko asubuhi. Chai nayo ina gharama yake. Nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano baada ya kunywewa, na tanini za chai huzuia ufyonzaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Kwa wasichana, ambao hupoteza chuma kila mwezi, ni afadhali chai ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi. Chungwa hufanya kinyume: vitamini C yake husaidia chuma hicho kufyonzwa.

Usalama ndio unaosahauliwa zaidi. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu aina ya aflatoksini, ambayo haiondolewi kwa kupikwa. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa. Kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka huchangia saratani ya ini, hasa kwa wenye homa ya ini aina ya B. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu hutupwa. Siagi ya karanga haitoi nafasi hiyo ya kuchagua, maana mbovu na nzima zimesagwa pamoja. Tahadhari haiishii kwenye karanga: kwa muuza mayai mwenye trei mkononi, yai salama ni lile linalomenywa mlaji akiangalia; kachumbari iliyoshinda kwenye kopo tangu asubuhi ni bora iachwe, chumvi inatosha.