Chakula cha mtoto kwenye mlango wa sale ya video

Kutoka Sake mpaka Walikale, sinema kwetu ni sale ya video: nyumba ya mbao na mabati, mabenchi, televisheni moja, jenereta inanguruma inje. Mama anafika na watoto, analipa, kisha mlinzi wa mlango anafungua kikapu chake: chakula cha inje hakiingii. Hata uji wa mtoto.

Kusema kweli, mwenye sale ana sababu yake. Mafuta ya jenereta ni bei, tikiti ni franka kidogo, na faida inategemea mandazi na soda. Hata sinema kubwa za Ulaya ni vile vile: pesa ya tikiti inagawanywa na wenye filamu, lakini pesa ya chakula inabaki kwa mwenye nyumba. Na yule anayeuza mandazi pale mlangoni ni nani? Mara nyingi ni mama mwenzetu, na pesa ya masomo ya watoto wake inatoka katika karai ile. Tukiingia kila mmoja na sufuria yake, yeye ndiye anarudi nyumbani na mandazi baridi.

Lakini mtoto mchanga hali mandazi.

Huko Uhindi ugomvi huu ulifika mahakamani. Mwaka wa 2018 mahakama ya Jammu na Kashmir ilisema sinema zisikataze watu kuingia na chakula chao. Tarehe 3 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi ikageuza hukumu hiyo: sinema ni mali ya mwenyewe, anaweza kukataza. Hata hivyo, maji safi ya kunywa yatolewe bure, na mzazi mwenye mtoto mdogo aingie na chakula cha kumtosha mtoto. Hukumu ya Uhindi haitawali Masisi, lakini naona imekata vizuri.

Kwetu maji si jambo dogo. Kipindupindu kinarudi Kivu ya Kaskazini mara kwa mara. Mama aliyechemsha maji na kuyatia katika chupa safi haibii mtu. Kumlazimisha mtoto anywe katika kikombe cha watu wote ndiyo hatari.

Dar es Salaam, sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka wa 1966 haikuwa na shida hii: jamaa zilikuja na chakula cha nyumbani, zikala ndani ya gari zikitazama filamu. Sisi tunakaa bega kwa bega, na sambaza ya mmoja inanukia benchi nzima. Basi sambaza ibaki nyumbani. Uji katika chupa yenye kifuniko, ndizi mbivu, kipande cha fromaji yetu ya Masisi, hivyo havisumbui mtu. Karanga usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano: ikimkaba katika giza na kelele ile, hutamsikia.

Watoto wakubwa wale nyumbani kwanza, kisha wanunulie andazi kwa mama wa mlangoni.

Na kabla ya kulipa, uliza. Heri sheria iandikwe mlangoni kuliko kuisikia baada ya franka kutoka mkononi. Mwendeeni mwenye sale wawili watatu, pamoja na huyo mama wa mandazi, mumuombe mambo mawili tu: maji, na chakula cha mtoto mdogo.