Ombaci, Arua: Yampasayo mgeni kujua kuhusu misheni iliyowahi kuwa kimbilio

Misheni za West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, zimepokea wageni kwa zaidi ya miaka mia moja. Ombaci, nje kidogo ya jiji la Arua, ni mojawapo. Anayefika hapo kulala siku chache hupokelewa vizuri, lakini ni vyema afahamu kwanza ni akina nani waliolala hapo mwaka 1981, na yaliyowapata.

Eneo lililobadilishiwa mipaka

Hadi mwaka 1910, West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, ardhi iliyoshikiliwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alipofariki, ilikabidhiwa kwa utawala wa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Ndiyo sababu Walugbara na Wakakwa wana ndugu ng'ambo ya mpaka, nchini Congo na Sudan Kusini, na katika masoko ya Arua na Koboko husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili.

Mwaka huo huo wa 1910, wamisionari Wakatoliki wa shirika lililoanzishwa na Daniele Comboni waliingia kaskazini mwa Uganda kutoka Sudan, wakiufuata Mto Nile. Katika miaka iliyofuata walijenga vituo vyenye kanisa, shule na zahanati, na Arua ikapata kituo chake kikuu katika kilima cha Ediofe. Jimbo Katoliki la Arua liliundwa mwaka 1958, na kanisa lake kuu liko Ediofe hadi leo. Ombaci, kilomita chache kutoka mjini katika barabara iendayo Koboko, ilijulikana kwa misheni yake na kwa shule ya sekondari ya wavulana ya Mtakatifu Yosefu, maarufu kwa jina la Chuo cha Ombaci.

Juni 1981

Idi Amin, aliyekuwa Mkakwa kwa upande wa baba yake, alipinduliwa Aprili 1979. Oktoba 1980, askari wake wa zamani waliokuwa wamekimbilia Sudan na Zaire walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali, UNLA, liliporejea, halikutofautisha sana kati ya mpiganaji na mkulima. Vijiji vilichomwa moto, na sehemu kubwa ya wakazi ikakimbilia nchi hizo mbili jirani.

Si wote walioweza kuvuka mpaka. Wengi walikwenda misheni. Kwa mwanakijiji wa wakati ule, ukuta wa misheni ulikuwa na maana: ndani yake palikuwa na mapadri, masista, dawa na, kwa Ombaci, bendera ya Msalaba Mwekundu, kwani wahudumu wa shirika hilo walikuwa wakiwatibu majeruhi hapo. Maelfu ya watu walilala madarasani, kanisani na uwanjani.

Tarehe 24 Juni 1981, baada ya mapigano na waasi, askari wa UNLA waliingia katika viwanja vya misheni na chuo wakaanza kuwafyatulia risasi watu waliokuwa humo. Makumi ya raia waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto, na wengi wakajeruhiwa. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kuwashambulia watu wasioshiriki vita, hata vita vinapokuwa vya ndani ya nchi. Siku hiyo katazo hilo halikumlinda mtu.

Waliouawa walizikwa hapo hapo. Kila mwaka ifikapo tarehe hiyo, manusura na jamaa za marehemu hukusanyika Ombaci kwa ajili ya sala. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiidai serikali fidia na kutaka ukweli wa siku ile utambuliwe rasmi.

Kufika na kukaa

Kutoka Kampala hadi Arua ni takriban kilomita 500 kwa basi, safari inayovuka Mto Nile huko Karuma na tena Pakwach. Barabara ya lami huendelea kaskazini hadi Koboko, mji ulio karibu na mahali mipaka ya Uganda, Congo na Sudan Kusini inapokutana.

Misheni si hoteli. Mgeni hutakiwa kutoa taarifa mapema kwa paroko au kwa masista, kusema anakotoka na ametumwa na nani, kisha kufuata saa za nyumba: saa za sala, za chakula na za kufunga lango. Akiandaliwa enyasa, ugali wa muhogo au ulezi, na kusema "awadifo", yaani asante kwa Kilugbara, atakuwa ameanza vyema.

Kuhusu makaburi, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, wala asiwahoji wazee habari za mwaka 1981 kama aulizaye bei sokoni. Mwenye kutaka kusimulia atasimulia mwenyewe, kwa wakati wake.

Njia ile ile, upande wa pili

Leo watu wanaipita njia hiyo wakielekea upande mwingine. Makazi ya Lobule wilayani Koboko yanahifadhi wakimbizi kutoka Congo, na yale ya Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi yamewapokea watu wengi kutoka Sudan Kusini. Baadhi ya wenyeji wanaowapokea ni watu waliozaliwa ukimbizini katika nchi hizo hizo, baada ya wazazi wao kuikimbia West Nile.

Kwa familia zilizo ughaibuni ambazo wazee wao walipitia Arua, Koboko au kambi za Sudan na Zaire, kulala Ombaci usiku mmoja kunaweza kuwa ziara ya msiba uliocheleweshwa. Wenyeji wanalijua hilo. Ndiyo maana mgeni akishataja jina la ukoo wake, huenda asiulizwe lingine kabla ya kukaribishwa kiti.