Kulikiza Mtoto na Kumzoeza Haja

Katika nyumba za Waswahili wa pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga na Unguja, kumlikiza mtoto ziwa na kumzoeza kwenda haja mahali pake ni mambo mawili yaliyokuwa yakiandamana. Na ijapokuwa mama wa leo huyakabili kana kwamba ni vita viwili mbalimbali, kila kimoja na silaha zake, wazee waliyahesabu kuwa jambo moja, nalo ni kumtoa mtoto katika uchanga na kumtia miongoni mwa watu.

Hata sheria iliyaunganisha. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani hii, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, wala hajala chakula cha kumshibisha ghairi ya maziwa, nguo iliyoupata hutosha kunyunyiziwa maji. Mtoto wa kike hana takhfifu hiyo, nguo huoshwa. Lakini mara mvulana yule aanzapo kushiba kwa ubwabwa na uji, hukumu hugeuka, na bibi aliyekuwa akimpakata mjukuu huku amejitanda kanga ya kuswalia hana budi kujihadhari, maana sasa nguo iliyopatwa na mkojo huo haitoshi kunyunyiziwa, ni lazima ioshwe. Basi kila kijiko cha mashendea alicholishwa mtoto kilikuwa pia kinaharakisha siku ya kufundishwa choo, na aliyeharakisha zaidi aghalabu hakuwa mama, bali ni bibi mwenye udhu wake.

Muda wa kunyonya ulijulikana. Sura ya al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na ikaruhusu kulikiza kabla ya hapo iwapo baba na mama wameridhiana na kushauriana. Miaka hiyo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, yaani yapata siku 708, hivyo bibi ashikaye hesabu ya miandamo humtangulia kwa siku 22 mama ategemeaye kalenda ya ukutani, na ugomvi mdogo wa ukweni hauepukiki. Ndani ya muda huo huo ndimo udugu wa ziwa hupatikana: mtoto akinyonyeshwa mara tano na mwanamke asiye mamake, huwa mwana kwake, na wanawe huwa ndugu zake wasioweza kumwoa wala kuolewa naye. Ndiyo sababu wazee hawakuacha mtoto akabidhiwe ziwa la jirani ovyo.

Siku ilipofika, ziwa lilipakwa shubiri. Wengine walipaka pilipili, na hao mimi sikubaliani nao, kwani shubiri ni uchungu tu upitao, ilhali pilipili humwasha mtoto midomo na, akijipangusa, macho pia. Aliyeshindikana kwa shubiri alipelekwa kwa bibi yake alale huko siku chache, asisikie harufu ya maziwa, naye alirudi amezoea uji na wali laini uliopikwa kwa tui. Taabu ilizuka pale mama alipopata mimba nyingine mapema. Watu walisema mtoto amebemendwa, wakamkatiza ziwa siku moja, naye akadhoofu, nywele zikawa nyepesi, tumbo likajaa. Walioyaona hayo hawakusema uongo juu ya udhaifu wenyewe. Ila waliulaumu ujauzito, kumbe aghalabu kilichomdhuru mtoto ni kunyimwa maziwa ghafula na kupewa uji mtupu pasi na samaki wala maharagwe.

Kisha ikaja chupa. Ililetwa na maduka, na kazi za mshahara zilizomtoa mama nyumbani alfajiri, nayo iliingia bila ya desturi yake yenyewe: haina aya ya kuiwekea muda, haizai udugu, wala haina mwenyewe wa kuipaka shubiri. Mtoto hulala nayo kinywani, na pengine ndani yake mna chai ya maziwa yenye sukari, hata meno ya mbele yakaoza kabla hayajatimia. Madaktari wa watoto husema iondolewe baina ya miezi 12 na 18, mtoto ahamie kikombe. Kwa kawaida chupa ya mchana hukatwa kwanza, na ile ya usiku, ambayo ndiyo ngumu, hukatwa mwisho.

Ama kwa upande wa haja, hakuna mfano wa pwani uliowashangaza wageni kama wa jirani zetu Wadigo. Marten na Rachel deVries, walioandika habari zao katika jarida la Pediatrics mwaka 1977, walieleza jinsi mama wa Kidigo, mtoto angali ana majuma mawili au matatu, huketi chini akanyoosha miguu, akamweka mwanawe baina ya mapaja, mgongo wake ukiwa kifuani mwa mama, kisha akatoa sauti nyororo ya “shuu”. Mtoto akikojoa, hutuzwa kwa ziwa na kwa kubembelezwa. Kwa haja kubwa huketishwa juu ya miguu ya mama, uso kwa uso. Kufika mwezi wa tano au wa sita, mtoto huyo hukaa mkavu usiku na mchana, wala hapigwi wala kukaripiwa. Mwaka 1962 daktari Brazelton wa Marekani, aliyeangalia watoto 1,170, alikuwa ameshauri mtoto asubiriwe hata aonyeshe mwenyewe kuwa yu tayari, tangu yapata miezi 18, na wastani wa kukauka mchana ulikuwa miezi 28 na nusu. Si kwamba mtoto wa Kidigo ana akili kuliko wa Marekani. Mama wa kwanza hushinda na mwanawe mwilini, akijua kila ajinyongapo tumbo. Wa pili humwacha ndani ya nepi ya kutupa, hiyo tuiitayo pampasi, ambayo sifa yake kubwa ni kumficha mtoto asijue kuwa amelowa.

Nasi mijini sasa tumo kwa huyo wa pili. Poti hununuliwa, mtoto huketishwa baada ya kula, na akimaliza huchambishwa kwa maji na mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuna nyumba ya pwani iliyoliacha. La usiku ndilo huchelewa. Watoto wenzake humwimbia kikojozi nyimbo za kumtahayarisha, na naiona desturi hiyo kuwa mbaya, maana asiyetimiza miaka mitano hana ugonjwa wowote kwa kukojoa kitandani. Bibi walikuwa na njia iliyo bora: walimwamsha kabla wao wenyewe hawajalala, wakamtoa akojoe hali macho yamefumba. Lakini mtoto wa bibi hakuwa amelala na chupa nzima ya maziwa tumboni, na mama amlalamikiaye kikojozi wake kila asubuhi aghalabu ndiye aliyeijaza chupa hiyo baada ya isha.