Neno Lililotoka Mabegani mwa Wapagazi

Basi likikaribia Ipole hupunguza mwendo, na abiria wazoefu huanza kukusanya vifurushi vyao. Hapa njia zinaachana. Ukitoka Tabora mjini na kuipita Sikonge, barabara inagawanyika: moja inakwenda Koga hadi Mpanda, nyingine inashika kusini kuelekea Rungwa, Chunya na Mbeya. Mama akishuka na dumu lake la asali, kila kondakta na kila kijana wa bodaboda atamuuliza swali lilelile: "Safari ya wapi, mama?" Naye atajibu bila kufikiri: Mpanda, Rungwa, au hapo tu kijiji cha pili.

Njia hiyohiyo hupita pia magari ya aina nyingine. Yana rangi ya majani makavu, magurudumu mapana na viti vilivyoinuliwa nyuma. Sehemu ya misitu ya miombo ya Ipole ni eneo la hifadhi ya wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya ya vijiji, na wageni huja huku kwa uwindaji wa kitalii. Ubavuni mwa magari ya namna hiyo huandikwa jina la kampuni, na mara nyingi jina hilo huishia kwa neno la yule mama, likiwa limeongezwa "s" ya wingi wa Kiingereza.

Herufi ni zilezile, lakini mama wa asali na mgeni wa kwenye gari hawazungumzii kitu kimoja. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wa kutoka hapa kwenda kule, uwe wa miguu, wa ndege au wa jahazi. Kwa Mwingereza, safari isiyo na mnyama haijatimia. Mtu anayepanda treni kutoka London kwenda Manchester akiwaambia wenzake kwamba anakwenda safari, watadhani anatania, au watamwomba picha za simba.

Katika Kiingereza cha leo neno hili ni la kawaida kabisa, hata mtoto wa shule ya awali analijua. Lilivyofika huko ni hadithi inayopita Tabora.

Chimbuko lake ni Kiarabu, "safar", yaani mwendo wa mbali. Mzizi huo umeenea: Waturuki wanao, Waajemi wanao, Wahindi wanao. Pwani yetu liliingia pamoja na biashara na dini, ndiyo maana lina hata upande wa sheria: aliye safarini ana ruhusa ya kupunguza rakaa na kufungua saumu, na masheikh wana mengi ya kusema kuhusu umbali unaostahili kuitwa safari. Si kwamba Waafrika walikuwa wakingoja neno la kuitia miguu yao. Wanyamwezi walikuwa na "lugendo", Wagikuyu "rugendo", na ndani yake mtu anasikia mwangwi wa "enda" na "mwendo" wetu. Wagiriama wana "charo", neno ambalo hadi leo ni jina la mtu.

Lakini neno lililoshika njia kuu ya karne ya 19 lilikuwa safari, na njia yenyewe ilishikwa na Wanyamwezi. Wao ndio waliobeba. Pembe za ndovu ziliteremka pwani juu ya mabega yao. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba vikapanda bara kwa mabega hayohayo. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, akijipamba kadiri alivyoweza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa sura ya msafara mzima. Kijana ambaye hajawahi kuteremka pwani alionekana bado mtoto.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani pamoja na John Speke. Walifika Kazeh, palepale penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya mwendo. Kitabu ambacho Burton alikichapisha mwaka 1860 ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiingereza yaliyobeba neno safari. Jambo la kuvutia ni maana aliyoipa. Kwake safari haikuwa mwendo tu. Ilikuwa pia kundi lenyewe la watu, wapagazi na mizigo yao. Safari iliweza kupiga kambi, kuugua njaa, au kukimbia usiku na kumwacha mwenye mali. Sisi leo kundi hilo tunaliita msafara. Kwa hiyo Kiingereza kilihifadhi kwa muda mrefu maana ambayo Kiswahili chenyewe kiliihamishia kwenye neno jirani.

Ugunda, upande wa kusini magharibi mwa Tabora uliomo katika Wilaya ya Sikonge ya leo, nao uliona misafara hiyo. Septemba 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alitaka kufika Ujiji kumtafuta mvumbuzi David Livingstone, lakini njia ya moja kwa moja ilikuwa imezibwa na vita kati ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora. Akazunguka kusini pamoja na watu wake, akapita Ugunda. Wasomaji wa magazeti ya London na New York walisoma habari za namna hii kwa hamu, na maneno ya barabarani yakawaingia kichwani: askari, boma, bwana, safari. Mengine yamebaki katika vitabu vya zamani. Safari ikapata miguu yake yenyewe.

Kisha ikabadilika, na badiliko hilo lina mwaka wake, au karibu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit. Wapagazi wake walikuwa kama 250. Hakubeba shanga za kuuza wala hakutafuta pembe za biashara. Alikuja kuwinda, na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Hesabu yao wenyewe inaonyesha kwamba baba na mwana waliua wanyama 512. Magazeti yakaandika, kitabu kikafuata mwaka 1910, na matajiri wa Ulaya na Marekani wakataka na wao. Msafara ukabaki na mahema, wapishi na wabeba mizigo, ila bidhaa ikawa starehe.

Wakati huohuo, safari ya zamani ilikuwa inakufa. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mzigo ambao wanaume waliubeba kwa miezi ukawa unateremka Dar es Salaam kwa siku chache. Hivyo neno lilipoenea duniani, kazi iliyolizaa ilikuwa inaondoka. Pengine ndiyo sababu Mwingereza hakumbuki kwamba ndani yake kulikuwa na mtu mwenye sugu begani.

Baada ya hapo Kiingereza kilifanya kilichotaka. Bunduki ikapisha kamera. Mwaka 1966 bustani ya Longleat, Uingereza, ilifunguliwa watu wapite kwa gari katikati ya simba, nayo ikaitwa bustani ya safari, ingawa mgeni humaliza ziara na kurudi kwake kabla ya chakula cha jioni. Koti la mifuko minne la wawindaji likawa vazi la mjini. Kwetu suti ya namna hiyo iliitwa Kaunda, kwa jina la aliyekuwa rais wa Zambia, na wala hakuna aliyeihusisha na tembo. Siafu nao wakaitwa chungu wa safari, jina ambalo, kusema kweli, limewakaa vizuri kuliko mengi: wanakwenda kwa msafara na hawarudi nyuma. Januari 2003 kampuni ya Apple iliipa programu yake ya kufungulia intaneti jina hilo, na alama yake ikawa dira.

Kuna matumizi fulani ya Waingereza ambayo kirangozi angeyaelewa mara moja. Vijijini kwao hufanyika mlo wa safari: kundi la majirani linakula supu nyumba ya kwanza, nyama nyumba ya pili, vitamutamu nyumba ya tatu, wakitembea kutoka kituo hadi kituo. Mnyama pekee yuko sahanini.

Afrika Mashariki nayo imeuza neno hili kwa maana yake ya kwanza bila wageni kugundua. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kukatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliitwa safari kwa sababu yalikuwa mwendo mrefu na mgumu wa matope na vumbi. Mtazamaji wa Ulaya aliona twiga nyuma ya gari akadhani ndiye aliyeleta jina.

Yapo pia mambo ambayo Kiingereza hakikuyachukua kabisa. Mwanamke wa Ipole anayechota maji kisimani husema amekwenda safari tatu tangu asubuhi. Anayeshindwa mtihani mara ya kwanza husema safari hii atafaulu, na hakuna anayemuuliza anaelekea wapi. Maiti ikitolewa nyumbani watu husema ni safari ya mwisho. Mei 2015 mjini Arusha, Edward Lowassa alipotangaza nia ya kugombea urais, aliuita mwendo wake Safari ya Matumaini. Mwandishi wa kigeni aliyetafsiri neno kwa neno alikuwa na kazi ya kuwaeleza wasomaji wake kwamba hapakuwa na mbuga.

Maana ya Kiingereza, hata hivyo, imeanza kurudi nyumbani. Mabango ya kampuni za utalii yameandikwa safari kwa maana ya kuona wanyama, na vijana wa Arusha wanaoongoza wageni huitumia hivyo mchana kutwa. Lakini wakizungumza wao kwa wao husema wanakwenda mbugani, na huku Sikonge watu husema porini. Mrina asali anayebeba unga na kwenda kwenye mizinga yake ya magome, akalala kambini wiki kadhaa kati ya chui na fisi, hatasema yuko safarini kwa sababu ya hao wanyama. Mkewe ataulizwa yuko wapi, atajibu: yuko pori.

Vivyo hivyo kwa vijana wanaoajiriwa na kambi za uwindaji, wapishi, wafuata nyayo, wabeba nyama. Mgeni wanayemhudumia yuko safarini kwa Kiingereza tangu siku aliyotua. Wao wako kazini. Msimu ukifungwa wanafunga mabegi, wanasimama Ipole penye njia panda kusubiri basi la Tabora, na hapo kondakta anawauliza safari ya wapi.