Makuti Yanahama Kijijini, Yanakwenda Hotelini

Ukipita leo Kwale, Kilifi au Lamu utaona jambo la kushangaza. Mwanakijiji anayejenga anatafuta mabati, na mwenye hoteli Diani au Watamu anatafuta makuti. Paa la mnyonge limekuwa pambo la tajiri. Kwa nini?

Tuanze na makuti yenyewe. Ya kuezekea huitwa makuti ya viungo. Majani ya mnazi hukunjwa na kushonwa kwenye upongoo, na washonaji wengi ni kina mama. Hiyo ndiyo pesa yao ya unga na karo. Fundi huyapanga juu ya fito kutoka chini kwenda juu, yakilaliana, na paa huinuliwa kiasi cha nyuzi 45 ili maji yateremke kabla hayajapenya. Yakibanwa vizuri, ndani huwa baridi hata kwa jua la Januari.

Basi mbona watu wanayaacha? Kwanza, huoza, na kila baada ya miaka michache sharti uezeke upya. Zamani moshi wa jikoni uliyakausha na kufukuza wadudu, lakini siku hizi wengi wanapikia nje au kwa gesi. Pili ni maji. Paa la bati hujaza tangi la mvua, ilhali maji ya makuti hutoka na rangi ya chai. Tatu ni moto. Nyumba zikibanana, cheche moja hubebwa na upepo hadi kwa jirani, na mtaa mzima ukalala nje.

Bati nalo lina adha zake. Mchana linachoma, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki darasani.

Tazama pia upande wa mnazi. Mti mmoja hutoa makuti 12 hadi 14 tu kwa mwaka. Minazi mingi imezeeka, chonga anaitoboa, na mashamba yanakatwa viwanja. Hoteli ikiagiza viungo kwa maelfu, bei hupanda na mwanakijiji hawezi kushindana. Sasa baadhi ya hoteli zinaweka makuti ya plastiki yasiyooza. Mteja huyo akiondoka, mama mshonaji atamuuzia nani?

Kwa maoni yangu, hatuwezi kumlazimisha mtu alale chini ya makuti yanayovuja ili tuhifadhi utamaduni. Lakini serikali za kaunti zinaweza kugawa miche ya minazi, na majengo yao yaliyo peke yake, kama vibanda vya sokoni na vya kupumzikia ufuoni, yakaezekwa kwa makuti ya kina mama wetu. Nawe unayejenga kwa bati, weka dari na uache nafasi ya hewa kupita chini ya paa. Watoto wako watapata usingizi, inshallah.